Mjane Alirithishwa Deni, Hati Akanyimwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi katika ukumbi wa kanisa, Nyeri)

Mlitutaka tuzungumze juu ya sheria na wajane. Mada hiyo ni pana, nasi tumechagua sehemu yake moja tu, kwa kuwa sehemu hiyo imekaa katika vijiji vyetu kwa miaka sitini, na waliobeba mzigo wake wanazidi kutuaga. Swali lenyewe ni hili: mpigania uhuru aliyepewa shamba kwa mkopo anapofariki, mkopo ule ni wa nani, na shamba lile ni la nani?

Mtu mwenye haki atajibu kwamba vyote viwili ni vya mwenzi aliyebaki. Mjane alilima pamoja na mumewe, akalipa pamoja naye, na baada ya mazishi akaendelea kulipa peke yake. Lakini jibu ambalo wajane wengi wa eneo hili wamelipata ni jingine. Wameambiwa, kwa maneno au kwa matendo, kwamba mkopo ni wao na shamba ni la wengine.

Mkebe wa risiti

Tuanze na mama mmoja ambaye jina lake hatutalitaja, kwa heshima yake na ya watoto wake. Alikuja kwetu akitoka upande wa Kieni, akiwa amebeba mkebe wa kakao uliofungwa kwa kitambaa. Mumewe alikuwa amewekwa kizuizini Manyani wakati wa Hali ya Hatari. Aliporudi nyumbani mwaka 1959 alikuta vipande vyake vya ardhi vimekwisha kuunganishwa na kuandikishwa kwa majina ya watu wengine. Katikati ya miaka ya 1960 akapata shamba katika mojawapo ya mipango ya makazi, kwa mkopo. Walihamia huko na watoto watatu, majembe mawili na ng'ombe mmoja. Mwaka 1978 mume alifariki. Deni halikufariki.

Mama yule alilipa. Pesa za maziwa zilikatwa kila mwezi kupitia chama cha ushirika. Pareto ilipokuwa na bei, ilisaidia. Ilipokosa bei, aliuza mbuzi. Kila alipolipa alipewa risiti, na kila risiti aliitia katika mkebe. Tulizimwaga mezani tukazipanga kwa miaka. Zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ziliandikwa jina la marehemu.

Alipomaliza deni alikwenda kuomba hati ya shamba. Hapo ndipo alipoulizwa, kwa mara ya kwanza, yeye ni nani. Akaulizwa cheti cha kifo, barua ya chifu na amri ya mahakama ya kumfanya msimamizi wa mirathi. Akarudi nyumbani kutafuta barua ya chifu, akaambiwa kwanza mashemeji wakubali. Mashemeji, ambao hawakuwahi kulipa hata shilingi moja, walikuja na hoja ya ukoo, wakadai nao wahesabiwe.

Ndugu zetu, tafadhali litazameni jambo hili kwa makini. Kwa miaka mingi mwanamke huyu alipeleka pesa kwa jina la mtu aliyekufa, na hakuna aliyemwuliza ana mamlaka gani ya kulipa. Fedha zake zilipokelewa bila cheti. Cheti kilitakiwa siku aliyodai haki yake. Kama sheria ilimtambua kuwa mdaiwa, kwa nini haikumtambua kuwa mwenye shamba?

Kesi ilichukua miaka. Uamuzi ulipotoka ulimpa haki ya kukaa na kulima kwa muda wa maisha yake. Wakati huo hakuweza tena kuinua jembe.

Ardhi ya malipo ya vita

Wengine hudhani kwamba kumpa mpiganaji shamba au mkopo ni wazo geni lililoletwa na watu wa siasa. La hasha. Katika nchi hii ni wazo la zamani, na lilianzia papa hapa kandokando ya Mlima Kenya. Mwaka 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa makazi askari wazungu. Bahati nasibu ya mashamba ilichezwa katika jumba la Theatre Royal, Nairobi. Mashamba zaidi ya elfu moja yaligawiwa. Mengine yalitolewa bure, mengine kwa malipo ya muda mrefu. Wengi wa walioanzisha mashamba ya Nanyuki na Laikipia walitoka katika mpango huo.

Waafrika je? Wapagazi waliobeba risasi na vyakula katika vita hivyohivyo, wale ambao jina lao limebaki Kariokor, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu. Hakuna aliyewachezea bahati nasibu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wake zao wala watoto wao.

Hali ilikuwa hiyohiyo baada ya vita vya 1939 hadi 1945. Karibu Waafrika laki moja wa Kenya walivaa sare ya Mwingereza. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri, alipigana Burma. Bildad Kaggia wa Murang'a alitumikia Mashariki ya Kati. Waliporudi walimwona askari mzungu akisaidiwa kwa ardhi na mikopo katika Nyanda za Juu, nao wakarudishwa katika hifadhi zilizokuwa zimejaa watu. Itote akaja kuwa Jenerali China msituni, Kaggia akawa mmoja wa waliofungwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Tukitaka kujua kwa nini askari hao waligeuka wapigania uhuru, tusisahau suala la shamba.

Ng'ambo nako mambo yalikuwa hivyo. Jimbo la California lilianzisha mikopo ya mashamba na nyumba kwa askari wake wastaafu mwaka 1921. Mwaka 1944 Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwadhamini askari wa Marekani wapate mikopo ya nyumba, mashamba na biashara. Sheria hiyo nayo ilikuwa na dhambi yake, kwa maana askari weusi wengi walikataliwa na mabenki, hasa katika majimbo ya kusini. Lakini kuna jambo moja la kujifunza. Haki hiyo baadaye iliongezwa hata kwa wajane, na leo mjane au mgane wa askari aliyefia kazini, au kwa majeraha ya utumishi, anaweza kuomba mkopo wa nyumba wenye dhamana ya serikali kwa jina lake mwenyewe. Tena, tangu mwisho wa 2003, anayeolewa au kuoa tena akiwa na umri wa miaka 57 au zaidi haipotezi haki hiyo kwa sababu ya ndoa. Walikubali kwamba utumishi wa askari ulibebwa na nyumba nzima, si na mtu mmoja.

Jinsi deni lilivyozaliwa

Sasa turudi nyumbani. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1953 ilitungwa sheria ya kuwanyang'anya ardhi wale waliotajwa kuwa viongozi wa msituni. Mwaka 1954 ukaja mpango wa Swynnerton wa kuunganisha vipande vya ardhi na kutoa hati. Wakati huohuo watu wapatao milioni moja walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Mabibi zetu waliochimba mitaro hiyo kwa lazima baadhi yao wangali hai.

Kwa hiyo ardhi ilipimwa na kuandikwa wakati wanaume wengi wako msituni, jela au kizuizini, na wake zao wako kijijini chini ya amri ya kutotoka nje. Katika kamati za kuunganisha ardhi waliketi wale walioaminiwa na serikali. Jina lililoandikwa kitabuni lilikuwa la mwanamume, na mara nyingi halikuwa la mwanamume aliyekuwa kizuizini. Kisha sheria ikafunga mlango. Mwaka 1957 kesi za ardhi zilisimamishwa katika mahakama za Waafrika. Na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikasema kwamba usajili wa kwanza hauwezi kurekebishwa na mahakama hata kama ulipatikana kwa hila au makosa. Sheria hiyo ilidumu mpaka 2012.

Uhuru ulipokaribia, ulianzishwa mwaka 1962 mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa bei, na fedha nyingi za kuyanunua zilikopwa Uingereza, Benki ya Dunia na kwingineko. Familia zipatazo 35,000 zikapata mashamba. Watu wengi wa Nyeri walikwenda Nyandarua, wengine wakabaki Kieni. Mwenye kupewa shamba alitakiwa kulipa mkopo wa ardhi kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia sita na nusu, na juu yake mkopo wa maendeleo. Hazina ya makazi ilishika hati mpaka deni liishe.

Yaani aliyenyang'anywa ardhi kwa sababu ya kupigania ardhi aliuziwa ardhi. Kaggia alilipinga jambo hili akiwa serikalini, akatoka serikalini mwaka 1964. Jawabu alilopewa yeye na wenzake ni kwamba hakuna cha bure. Basi na iwe hivyo. Wazee wetu walilipa. Lakini kama hakuna cha bure kwa aliyepigana, je, imekuwaje kuna cha bure kwa shemeji wa marehemu? Mjane analipa miaka ishirini, na mtu mwingine anapata hati bila kulipa.

Na tusidhani kwamba ni wake wa watu wasiojulikana tu waliosahauliwa. Dedan Kimathi alishtakiwa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mkewe, Mama Mukami, ambaye naye aliwahi kufungwa Kamiti, aliishi miaka 66 baada ya siku hiyo. Alifariki Mei 2023 akiwa bado anadai aonyeshwe kaburi la mumewe. Ikiwa taifa lilishindwa kumwonyesha mjane wa Kimathi kaburi, nani atamkumbuka mjane wa yule aliyepeleka chakula msituni?

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228 walioteswa. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini fidia ile ilikuwa ya walioteswa wenyewe. Mjane ambaye mumewe alifariki zamani hakuwa na nafasi katika orodha kwa ajili ya ujane wake. Hata kati ya wale watano walioanza kesi London mwaka 2009, mmoja alifariki kabla kesi haijafika mwisho.

Sheria inasemaje

Mtatuuliza: je, nyinyi mawakili, sheria haiwalindi wajane? Tutajibu kwa ukweli. Inawalinda nusu.

Sheria ya Urithi ilipitishwa na Bunge mwaka 1972, ikakaa kabatini, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1981. Tarehe hiyo ni muhimu kwa wajane wetu. Kifungu cha pili kinasema kwamba mali ya aliyefariki kabla ya siku hiyo itagawanywa kwa sheria na mila zilizokuwapo siku ya kifo chake. Kwa hiyo mjane wa 1978 na mjane wa 1982, waliokuwa majirani katika mpango mmoja wa makazi, wakilipa mkopo mmoja, wanasimama mbele ya hakimu mmoja kwa sheria mbili. Wa kwanza anaambiwa habari za mila, na mila kama zilivyosomwa mahakamani zilimpa mjane matumizi, wana wakapewa ardhi.

Hata huyo wa 1982 hakupewa vyote. Palipo na watoto, kifungu cha 35 kinampa mwenzi aliyebaki haki ya matumizi ya maisha, si umiliki kamili. Tena kiliandika kwamba mwanamke akiolewa tena haki hiyo inakoma. Mwanamume akioa tena hakuguswa. Ubaguzi huo umelalamikiwa mahakamani kuwa unakiuka Katiba, na kwa haki.

Katiba ya 2010 imetupa silaha bora. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na hali ya ndoa. Ibara ya 45 inawapa mume na mke haki sawa tangu wanapooana, katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Ibara ya 60 inataka kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inazuia nyumba na shamba la ndoa kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Na mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, ilithibitisha kwamba hati yenye jina la mtu mmoja yaweza kubeba amana ya familia nzima kwa mujibu wa mila.

Hizo zote ni ngao za mahakamani. Mwenye nauli, afya na wakili anaweza kuzitumia. Lakini mama mwenye umri wa miaka 85, anayetakiwa kupata barua ya chifu, kungoja siku 30 baada ya tangazo katika Gazeti Rasmi, kisha kungoja miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na hiyo ni pale asipopingwa na mtu yeyote, huyo hahitaji ngao. Anahitaji haki inayomfikia nyumbani bila kuipigania.

Bunge pia limetunga Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014, na mwaka 2022 ikaja sheria ya askari wastaafu. Ni hatua njema. Lakini nishani haiwezi kuwekwa rehani benki, na jina katika mnara halizuii shemeji kung'oa mipaka usiku.

Pingamizi tunazozisikia

Pingamizi ya kwanza husema: mjane akipewa hati atauza shamba, watoto wabaki barabarani. Tunakubali kwamba yapo mashamba yaliyouzwa vibaya. Lakini tutembee Kieni na Nyandarua tuhesabu mashamba yaliyouzwa ili kulipa madeni ya baa na ya siasa, tuone ni wajane wangapi walioyauza. Na hata hivyo, sheria inaweza kuweka ridhaa ya watoto waliofikia utu uzima kabla ya kuuza, bila kumnyima mama umiliki.

Ya pili husema: ataolewa na kulipeleka shamba kwa ukoo mwingine. Mjane wa mpigania uhuru leo ni ajuza. Na kama angeolewa, kosa lake liko wapi? Alilipa deni. Mwenye kulipa deni hanyang'anywi kwa sababu amepata mwenzi wa kuzungumza naye jioni.

Ya tatu ni nzito zaidi. Hutolewa na waumini wenzetu kwa sauti ya chini: je, mtawasaidia wajane wa Mau Mau tu, mkawafufulia watu uhasama? Katika kanisa hili wanaketi wajukuu wa waliokuwa msituni na wajukuu wa waliokuwa walinzi. Tunalijua hilo, wengine wetu tuna damu za pande zote mbili. Jawabu letu ni kwamba deni la shamba halikuuliza mume alikuwa upande gani. Mjane yeyote aliyelipa mkopo wa makazi na astahili hati. Lakini wanapohesabiwa mashujaa na kupangiwa manufaa, wake waliobeba vita hivyo wasiachwe nje ya hesabu. Wala tusisahau kwamba wanawake wengine walikuwa wapiganaji wenyewe. Muthoni Kirima, aliyefariki Septemba 2023, alipata cheo cha Field Marshal msituni. Mume wa mwanamke wa namna hiyo akibaki mgane, naye ana haki hiyohiyo.

Ya nne ni ya serikali: hakuna fedha. Tunachokidai hapa hakihitaji fedha nyingi. Mikopo mingi ililipwa zamani. Kinachodaiwa ni jina katika hati.

Tunachodai

Kwanza, barua yoyote ya kugawa shamba, nyumba au mkopo kwa shujaa au mstaafu wa jeshi iandikwe majina ya wenzi wote wawili tangu siku ya kwanza.

Pili, mwenye manufaa anapofariki, haki na muda wa mkopo uliobaki vihamie kwa mwenzi aliyebaki moja kwa moja, kwa kuonyesha cheti cha kifo na uthibitisho wa ndoa, pamoja na ndoa za kimila. Palipo na wake zaidi ya mmoja, kila nyumba ihesabiwe, kwa kuwa kila nyumba ililima.

Tatu, ndoa ya pili isiwe sababu ya kumpokonya mtu haki hiyo.

Nne, riba na adhabu zilizorundikana baada ya kifo, wakati mjane hakuwa na hati ya kukopea wala mamlaka ya kuuza, zifutwe.

Tano, walipaji wa kabla ya Julai 1981 wasiachwe nyuma ya tarehe. Bunge liseme wazi kwamba mkopo wa makazi uliolipwa na mjane unampa mjane umiliki, hata kama mume alifariki lini.

Madai haya yana haraka. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1952 sasa amepita miaka tisini. Tukingoja tume nyingine na ripoti nyingine, tutatunga sheria ya kuwalinda watu waliokwisha kuzikwa.

Kazi ya kanisa na ya vuguvugu

Mageuzi ya nchi hii hayakuanzia Bungeni. Kifungu cha 2A hakikufutwa Desemba 1991 kwa huruma ya wakubwa. Wengine wetu tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka jinsi wazazi walivyonong'ona. Na mwaka 1992, pamoja na binti wa Nyeri, Wangari Maathai, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoketi Uhuru Park wakidai wana wao, walipopigwa na kufukuzwa walikimbilia kanisani, na kanisa halikufunga mlango. Leo tunaomba mlango huohuo ufunguliwe kwa akina mama wa mashamba.

Tunaomba mambo matatu ambayo hayangoji Bunge. Kila kanisa liandike orodha ya wajane wake wanaoishi katika mashamba ya mkopo, na ya wale wasio na hati. Kila familia itafute risiti na barua za zamani, izinakilishe, nakala moja ikae mahali salama nje ya nyumba. Tumeona mikebe ikichomwa moto wiki moja baada ya mazishi. Na vijana waliosoma wawasindikize mama zao ofisini, kwa maana mama akienda peke yake huambiwa arudi kesho, na akienda na shahidi mwenye kalamu huelezwa sababu.

Mashemeji nao tuwaambie mapema, kwa upole, kwamba kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi. Wengine wakilijua hilo watatulia bila kesi.

Tumalizie kwa habari mnayoijua kutoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii alimlilia Elisha. Mumewe alikuwa mtumishi mwaminifu, amekufa ameacha deni, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumtolea hotuba juu ya ushujaa wa marehemu. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mafuta yalipoongezeka, alimwagiza ayauze, alipe deni, na kinachobaki kiwe cha kumlisha yeye na wanawe. Mtu wa Mungu hakusema kinachobaki kipelekwe kwa ukoo.

Wajane wetu wamelipa deni. Wahenga walisema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Upande wao umekwisha. Umebaki upande wa taifa. Mkebe ule wa kakao bado umo ofisini kwetu. Watoto wa yule mama waliuacha ili utumike kama ushahidi kwa wengine. Atakayetaka kuzisoma risiti zile na aje. Lakini tungependa zaidi kila mmoja wenu arudi nyumbani jioni hii, amwulize mama au nyanya yake wake uko wapi.